Mwongozo kamili wa kufanya kazi na kompyuta na simu kutwa nzima bila kuumiza mwili, mashine wala mfuko

Nina steshenari Moshi mjini, hatua chache kutoka stendi ya mabasi. Kuanzia saa mbili asubuhi ni "Mangi, nitolee kopi mbili", "Mangi, nichapie barua ya kuomba kazi", mpaka giza linaingia. Mwaka wa tatu wa kazi hiyo nilianza kuamka saa nane za usiku mkono wa kulia umekufa ganzi. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vilikuwa kama vya mtu mwingine, ila cha mwisho hakikuwa na shida yoyote. Nilikuwa nakaa ukingoni mwa kitanda nikiukung'uta mkono kama mtu anayekung'uta maji, ganzi inapungua, nalala tena. Nilidhani ni baridi, nikameza dawa za maumivu kwa miezi miwili. Mtaalamu wa mazoezi ya tiba ndiye aliyenionyesha kwamba kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono kuelekea kwenye vidole vile vitatu na nusu ya kidole cha pete, na mshipa huo ulikuwa unabanwa. Meza yangu ilikuwa juu mno, kwa hiyo nilikuwa nachapa huku kifundo kimekunjwa, saa nane au tisa kwa siku.

Mwongozo huu nauandika kwa mpangilio ninaoutumia kumfundisha kijana mpya dukani: mwili kwanza, umeme wa pili, halafu mafaili, simu na siri za wateja. Mpangilio huo nimeuweka makusudi. Vijana wengi wanataka kuanza na antivirasi na neno la siri, kiti wanakiona ni kiti tu.

Hatua ya kwanza: anza na kiti, meza ifuate

Kaa mpaka makalio yaguse nyuma ya kiti. Nyayo zote mbili zilale sakafuni, magoti yawe sawa na nyonga au chini yake kidogo. Sasa acha mikono ining'inie ubavuni, mabega yalegee, kisha kunja viwiko kama unayepokea sinia. Pale viganja vilipo ndipo kibodi inapotakiwa kuwa. Ukilazimika kuinua mabega kuifikia, meza iko juu. Ukilazimika kuinama, iko chini.

Meza nyingi za maseremala wetu zimepimwa kwa kulia chakula au kuandika kwa kalamu, na hapo ndipo tatizo linapoanzia. Una njia mbili. Ya kwanza ni kujiinua wewe: kata kipande cha sponji ya godoro, kivishe kitenge, kalia. Ukishainuka, miguu itaning'inia na ukingo wa kiti utabana mapaja, kwa hiyo weka tofali au kibao chini ya meza, ukanyage. Njia ya pili ni kumwita fundi apunguze miguu ya meza. Mimi nilikata sentimita nne. Ilimchukua fundi nusu saa, na katika yote niliyofanya kwa ajili ya mkono huu, hilo ndilo lililosaidia kuliko mengine.

Kiti cha plastiki kinafaa ukikirekebisha. Kunja kitenge au taulo liwe mviringo mnene kama mkono wako, uliweke kwenye kibonyeo cha kiuno. Usiliweke juu mgongoni, litakusukuma mbele.

Skrini iwe umbali wa mkono ulionyooshwa, na ukingo wake wa juu uwe sawa na macho au chini kidogo. Kuinua skrini hakuhitaji kununua kitu: rimu moja ya karatasi za A4 ina unene wa kama sentimita tano, na dukani kwangu skrini zimekalia rimu mbili ambazo hazijafunguliwa. Anayevaa miwani yenye sehemu mbili, ya mbali juu na ya karibu chini, ashushe skrini zaidi. Asipofanya hivyo atainua kidevu kutwa nzima asome kwa sehemu ya chini, na jioni shingo itamuuma.

Laptopu ina kasoro ya kuzaliwa, kwa sababu skrini na kibodi vimeshikana. Ukiweka kibodi sawa, unainamisha shingo; ukiinua skrini, unainua mabega. Kama unaitumia zaidi ya saa mbili kwa siku, nunua kibodi na kipanya vya pembeni, kisha uiinue laptopu juu ya rimu. Na kipanya kikae ubavuni mwa kibodi, usawa uleule, ukisogeze kwa mkono mzima kutoka kwenye kiwiko. Changu kilikuwa nyuma ya stepla na kikombe cha chai. Nilikuwa nakifuata huko siku nzima na sikuwahi kujiuliza kwa nini bega linawaka.

Kwa wachapaji kuna jambo ambalo sijaliona likisemwa mara nyingi. Mteja anapoleta muswada wa mkono, tunaulaza mezani upande wa kushoto, tunachapa tukigeuza shingo kushoto na chini, mara elfu kwa siku. Usilaze karatasi. Ibane kwenye kibao cha kubania, ukiegemeze kwenye boksi la faili karibu kabisa na skrini, urefu uleule. Macho ndiyo yahame, shingo itulie.

Halafu inuka. Mkao mzuri ukikaa nao saa tatu bila kusogea unageuka kuwa mkao mbaya. Sisi tuliihamisha printa kutoka pembeni ya mchapaji tukaipeleka ukuta wa pili, ili kila kazi inayotoka imlazimishe mtu kusimama na kutembea hatua sita. Wateja waliona ni usumbufu wiki ya kwanza, sasa wamezoea.

Ganzi au maumivu yakiendelea zaidi ya wiki mbili, yakikuamsha usiku, au ukianza kuangusha vikombe, nenda hospitali. Usifanye kama mimi. Mshipa ukibanwa muda mrefu, msuli ulio chini ya kidole gumba unaweza kunywea, na huo haurudi kirahisi.

Hatua ya pili: macho

Mtu anayetazama skrini hupepesa macho mara chache sana kuliko kawaida. Jicho linakauka, linawasha, linakuwa kama lina mchanga, na kwa vumbi letu la miezi ya kiangazi linazidi. Dawa yake haina gharama: kila baada ya dakika 20, tazama kitu kilicho mbali mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20, huku ukipepesa. Hapa kwetu tuna bahati. Mlango wangu umetazama kaskazini, na asubuhi kabla mawingu hayajapanda, Kibo iko pale nyeupe, mita 5,895 juu ya bahari. Nawaambia vijana: ukimaliza ukurasa, msalimie Kibo. Akijifunika, paa la bati la jirani ng'ambo ya barabara linatosha.

Mwanga nao upange. Ukikaa na mlango nyuma yako, jua linapiga kwenye kioo. Ukikaa unautazama mlango, mwanga unakupiga usoni. Geuza meza ili mlango au dirisha liwe ubavuni. Kisha shika karatasi nyeupe kando ya skrini: skrini ikionekana inang'aa kama taa kuliko karatasi, ipunguze mwanga, ikionekana kijivu, iongeze. Kuza maandishi badala ya kusogeza uso. Kwenye programu nyingi unashikilia kitufe cha Ctrl na kuzungusha gurudumu la kipanya.

Kuhusu miwani ya "kuzuia mwanga wa bluu" inayouzwa barabarani, okoa hela yako. Chama cha madaktari wa macho wa Marekani hakiipendekezi kwa watumiaji wa kompyuta, kwa kuwa uchovu wa macho unatokana na namna tunavyokaza macho na kusahau kupepesa. Hela hiyo iweke kwenye kipimo cha macho, hasa ukishavuka miaka 40, maana hapo uwezo wa kuona karibu unapungua kwa kila mtu. Moshi tuna idara ya macho pale hospitali ya KCMC, watu wanasafiri kutoka mikoa mingine kuifuata, na sisi tulio umbali wa daladala moja tunangoja mpaka herufi ziwe mbilimbili.

Hatua ya tatu: umeme

Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230, na plagi ya pini tatu za mraba imetengenezwa kwa ampea 13. Zidisha, unapata wati 2,990, tuseme 3,000. Huo ndio mzigo wa juu kabisa wa ekstensheni nzuri, na nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba usioufikia. Birika la umeme peke yake linaweza kumeza wati 2,000. Kwa hiyo birika na pasi visikae ekstensheni moja na kompyuta, na usichomeke ekstensheni ndani ya ekstensheni. Kipimo cha haraka ni hiki: baada ya saa moja ya kazi, gusa kichwa cha plagi. Kikiwa cha moto, zima, tafuta sababu.

Ile pini ndefu ya juu ni ya ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme uliovuja. Tunapochomeka vitu kwa adapta ya pini mbili, au nyumba ikiwa haina ethi kabisa, mwili wa chuma wa laptopu huanza kutekenya ukiugusa wakati wa kuchaji. Wengi hucheka na kuendelea. Kutekenya huko ni umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na njia ni wewe. Ita fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, akague nyaya, na mpaka aje usishike mashine hiyo ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji.

Umeme ukikatika, zima na chomoa. Ukirudi, ngoja kama dakika tano, kwa sababu mara nyingi unarudi kwa nguvu ya kuruka au unakatika tena papo hapo. UPS ndogo, lile boksi la betri linaloshika kompyuta umeme ukikatika, inakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu, haikusudiwi kukufanyisha kazi jioni nzima. Na printa ya leza usiichomeke upande wa betri wa UPS. Inapopasha moto inavuta umeme mwingi kwa ghafla, UPS inalia na kuzima kila kitu.

Masika yakianza Machi, radi nazo zinaanza. Jioni moja ya Aprili nilichomoa kompyuta zote kwenye umeme nikajiona nimemaliza, nikasahau waya wa intaneti. Radi iliingilia hapo, mashine mbili zikafa. Chomoa vyote viwili kabla mvua haijafika.

Jenereta likae nje, mbali na mlango na madirisha, hata kama mvua inanyesha na unaogopa wezi. Moshi wake una hewa ya sumu isiyo na harufu, inaua mtu akiwa usingizini.

Betri ya simu au laptopu ikivimba, kifuniko kikiinuka au skrini ikianza kuachia, acha kuchaji siku hiyohiyo. Usiitoboe wala kuibonyeza irudi, inaweza kuwaka. Simu isichajiwe chini ya mto, na isiachwe juu ya dashibodi ya gari juani. Joto la mchana wa Moshi linachosha betri haraka.

Vumbi: zima, chomoa, peleka mashine nje, ifungue, puliza kwa blowa. Kabla ya kupuliza, zuia feni kwa kijiti au kidole isizunguke, kwa sababu ikizungushwa kwa kasi ya blowa inaweza kuharibika. Tona, yaani wino wa unga wa printa ya leza, ikimwagika, usiipulize kabisa, ni unga mwembamba unaoingia mapafuni. Futa kwa kitambaa kilicholowa maji ya baridi, na mikono pia nawa kwa maji ya baridi, maana ya moto yanaiyeyusha na kuigandisha.

Hatua ya nne: flashi na mafaili

Flashi inayozunguka steshenari za mji mzima inabeba kila kitu. Dalili tunayoiona sana ni hii: mteja anafungua flashi, mafolda yake yote yamegeuka njia za mkato, zenye kimshale kidogo kwenye kona. Anashika kichwa, "Kaka, tasnifu yangu imepotea!" Mara nyingi haijapotea, imefichwa tu. Usibofye hizo njia za mkato, maana ndizo zinazoamsha kirusi. Kwanza changanua flashi nzima kwa antivirasi. Ile ya Microsoft Defender iliyomo ndani ya Windows inatosha ikiwa imesasishwa. Kisha nenda kwenye sehemu ya mwonekano, washa onyesho la mafaili yaliyofichwa. Mara nyingi mafolda yatajitokeza. Nakili kazi yako pahali pengine, ndipo uifute flashi yote na kuianza upya. Dukani tumetenga kompyuta moja ya zamani, isiyo na siri za mtu, kwa ajili ya kupokea flashi tu.

Angalia pia unatumia Windows ipi. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 7 tangu Januari 2020, na kwa Windows 10 tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine ya namna hiyo bado inachapa barua vizuri, ila usifungulie mambo ya benki humo.

Hatua ya tano: siri za watu

Msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, bodi ya mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu, foleni inafika barabarani. Kila mwanafunzi analeta cheti cha kuzaliwa, cha kifo cha mzazi pengine, matokeo, namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa), picha. Tunaskani, tunatuma, anaondoka. Nakala zinabaki kwenye kompyuta, na atakayekaa baadaye anaweza kuzifungua zote. Jambo hili linaniuma kweli. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, cheti cha kifo cha baba wa mtu si kitu cha kuachwa kinazagaa.

Utaratibu wetu: kila kazi ya mteja inaingia folda moja inayoitwa LEO. Jioni folda inafutwa yote, na pipa la taka la kompyuta linamwagwa. Mteja anapotakiwa kuandika neno la siri, namgeuzia kibodi na kutazama kando. Wengine wanalitaja kwa sauti mbele ya foleni nzima, "Andika tu, ni jina langu na mwaka niliozaliwa!" Hapo namwomba alibadilishe akiwa palepale: maneno manne yasiyohusiana, marefu, ambayo yeye atayakumbuka.

Wewe mteja, ukifungua WhatsApp kwenye kompyuta ya steshenari ili kuchapisha faili, kabla hujatoka ingia kwenye simu yako, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, uondoe kompyuta hiyo. Nimewahi kukuta mazungumzo ya watu watatu tofauti yako wazi kwenye mashine moja. Ukiwa humo humo kwenye mipangilio, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba ya siri ya tarakimu sita. Mtu akikupigia akitaka umsomee namba iliyoingia kwa ujumbe, hata akiwa na sauti ya kirafiki namna gani, kata simu.

Hatua ya sita: simu na matapeli

Bibi mmoja kutoka Kibosho alikuja kutoa kopi ya kadi. Simu ikaita, akasikiliza, akaanza kutetemeka. Kijana alikuwa anamwambia ametuma laki moja na nusu kwa makosa kwenye namba yake, na arudishe upesi kwa kuwa ni hela ya mgonjwa. Ujumbe ulikuwa umeingia kweli, una kiasi, una jina, una salio jipya.

"Shikamoo bibi. Hebu kabla hujarudisha, tuangalie salio."

"Marahaba mwanangu. Lakini ujumbe huu hapa!"

Tukaangalia kwenye menyu ya mtandao wenyewe. Salio lilikuwa lilelile la asubuhi. Ujumbe ulitoka kwenye namba ya mtu wa kawaida, haukutoka kwenye jina la huduma ya mtandao. Huo ndio ukaguzi wote: tazama umetoka kwa nani, kisha angalia salio kwa menyu, usiangalie kwa ujumbe. Na kama hela imeingia kweli kwa makosa, mwambie aliyetuma apigie huduma kwa wateja wa mtandao wake. Kurudisha si kazi yako.

Ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" mnaujua. Unampata mtu ambaye kweli anadaiwa kodi siku hiyo. Ukiupata, usijibu, mpigie anayekudai kwa namba yake ya siku zote. Ujumbe wenyewe utume kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ya kupokea taarifa za utapeli, na ufuate maelekezo. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Ukikuta usiyoijua, nenda kwenye duka la mtandao husika na kitambulisho uifute. Na leo kabla ya kulala piga *#06#, uandike namba ya IMEI, inayoitambulisha simu yako peke yake, kwenye daftari, kwa sababu simu ikiibiwa polisi watakuuliza hiyo.

Wazazi huniuliza kuhusu watoto na simu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2019, linasema mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asizidishe saa moja ya skrini kwa siku, na chini ya mwaka mmoja asitazame kabisa. Nyumbani kwangu tunatumia hiyo.

Hatua ya saba: nakala ya Ijumaa

Kila kazi muhimu iwe na nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Ijumaa saa kumi na moja jioni, kabla ya kufunga hesabu, kijana wa zamu anachomeka diski ya nje, ananakili mafaili ya duka, anafungua mafaili mawili matatu kuhakikisha yanafunguka, anaichomoa. Diski hiyo hailali dukani. Naifunga kwenye mfuko wa nailoni, naiweka kwenye mkoba, napanda nayo bajaji mpaka nyumbani Pasua, na Ijumaa inayofuata inarudi.